Mwenye Ndege ni Nani: Wasifu wa Marehemu Kapteni Sosthenes Bartholomeo Mgovano (1974–2025)

Sosthenes alizaliwa hapa Igowole, wilayani Mufindi, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1974, katika nyumba ile ile ambayo jeneza lake limelala usiku wa jana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bartholomeo Mgovano, mkulima wa viazi na miti, na Mama Anjela, ambaye Mungu amemweka hai hadi leo amzike mwanawe. Alibatizwa katika kigango chetu Desemba mwaka huo huo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mtoto pekee, mpaka mdogo wake Yusta alipozaliwa mwaka 1988. Mzee Bartholomeo alifurahi sana kupata mtoto wa kike, akapanda shamba la misindano kwenye mteremko ule wa mtoni na kutangaza kuwa ile ni miti ya Yusta.

Elimu ya msingi aliipata hapa Igowole kuanzia mwaka 1983 hadi 1989. Alisoma sekondari mjini Iringa, kisha kidato cha tano na cha sita Mbeya, akamaliza mwaka 1996 akiwa na alama nzuri za fizikia na hisabati. Aliporudi nyumbani alimwambia baba yake kwamba anataka kurusha ndege. Mzee Bartholomeo akaenda kumwomba ruhusa Yusta, mtoto wa miaka minane, kwamba miti yake ikatwe. Yusta alikubali kwa sharti la kupandishwa ndege bure maisha yake yote. Miti ile ilikuwa bado michanga, haijafikia umri wa kupasuliwa mbao, ikauzwa kwa bei ya mirunda, nguzo za kujengea. Haikutosha. Ndipo kigango kizima kikasaidia. Kila familia ikatoa ilichonacho, huyu debe la maharage, yule gunia la viazi. Familia haijasahau wema huo. Lakini inapenda ieleweke leo kwamba ndipo pia lilipoanzia kosa, kwa sababu aliyetoa debe la maharage alirudi nyumbani akiamini kwamba amenunua kipande cha ndege.

Alisomea urubani Afrika Kusini kuanzia mwaka 1999, akahitimu mwaka 2001. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka watalii Ruaha kwa ndege ndogo ya injini moja, akitua kwenye viwanja vya udongo ambavyo ilibidi kwanza apite chini kufukuza swala. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na alizoea kusema kwamba huko ndiko alikojifunza kuusoma upepo kwa kuangalia majani.

Katika miaka hiyo alikutana na Tusajigwe Asukile, mwalimu wa jiografia wa sekondari moja jijini Mbeya, aliyekuwa amewaleta wanafunzi wake kuona ndege uwanjani. Alimuuliza rubani swali moja kuhusu mvua za milima ya Uporoto, na rubani akajibu kwa saa nzima. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, Mzee Asukile alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza:

"Mwanangu, hiyo ya kurusha ndege nimeielewa. Sasa kazi yako ni ipi?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Hiyo ni safari. Nauliza kazi. Shamba lako liko wapi?"

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Septemba 2005 jijini Mbeya, na kabla ya harusi Sosthenes alikwishanunua ekari mbili za ndizi ili mkwewe apate usingizi. Walibarikiwa watoto wawili, Damari na Clement.

Mwaka 2013 alijiunga na shirika la Kipengere Air, lililoanzishwa na wafanyabiashara wachache ili kuunganisha Mbeya na Iringa na sehemu nyingine za nchi. Shirika lilianza na ndege mbili za pangaboi zilizokodiwa kutoka kampuni ya nje, na baadaye likanunua ya tatu, kuukuu, ya aina hiyo hiyo. Hakuna shirika jingine nchini lililokuwa na ndege za aina ile. Wakati ule hilo lilionekana jambo la kujivunia. Sosthenes alifaulu mtihani wa aina hiyo ya ndege, na mwaka 2015 akapandishwa cheo kuwa kapteni, mistari minne ya dhahabu mabegani.

Mama Anjela aliipanda mara ya kwanza mwaka huo, akiwa amekaa safu ya mbele na kikapu cha mahindi mabichi mapajani. Baada ya kuruka, kapteni aliwasalimu abiria kwa kipaza sauti, akawaeleza hali ya hewa, halafu akaongeza salamu ya kwetu, "Na mama yangu aliyeko humu, kamwene." Mama Anjela alijaribu kusimama mkanda ukiwa kiunoni, akapaza sauti kuelekea mlango wa marubani: "Kamwene, mwanangu! Acha maneno, angalia mbele!" Abiria walicheka mpaka walipotua.

Huku kwetu basi huitwa kwa jina la dereva wake. Hatusemi kampuni fulani imepita, tunasema fulani amepita. Basi na ndege ile ikaitwa ndege ya Sosthenes. Watu walimpa salamu za pongezi kwa mali yake. Walimtania awapunguzie nauli wale waliompa maharage. Alikuwa akijibu, "Mimi ni dereva tu, jamani," na wao wakacheka, wakasema tajiri wa kweli hajisifu. Shirika nalo halikusaidia, kwani liliweka picha yake akiwa na kofia kwenye mabango kutoka Makambako hadi Mbeya mjini, na sauti yake kwenye redio ikisema, "Karibu ndani, mimi ndiye nitakayekupeleka."

Mwaka 2019 kwaya ya kigango chetu ilialikwa kwenye tamasha la kwaya Mwanza. Walikuwa na uwezo wa kwenda kwa basi. Mwenyekiti wao, Bwana Liberatus, alisema haiwezekani watu wenye ndege wakae barabarani siku mbili. Walilima viazi vya pamoja msimu mzima, wakakata tiketi za ndege, wakashona sare za kitenge cha zambarau. Sosthenes aliomba yeye mwenyewe apangiwe safari hiyo, aitoe ndege uwanja wa Songwe, Mbeya, awachukue uwanja wa Nduli, Iringa.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2019 alifika uwanjani Songwe akiwa amevaa sare. Alikuta ndege mbili zimefungwa minyororo kwenye magurudumu kwa amri ya wenye mali, na kaunta ya shirika imefunikwa kwa turubai. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ujumbe kutoka ofisi kuu uliingia kwenye simu yake akiwa amesimama hapo: shirika limesitisha huduma, wafanyakazi wasubiri maelekezo. Maelekezo hayakuja kamwe.

Rubani wake msaidizi, Andendekisye, ambaye yupo nasi leo, anakumbuka alivyomshika mkono.

"Kaka, twende nyumbani. Wapigie simu tu."

"Wale ni wazee wangu. Siwezi kuwaambia kwa simu."

"Basi vua hiyo sare kwanza."

"Nikivua, watajuaje kwamba nilikuwa nakuja?"

Aliendesha gari lake peke yake, akapita Igawa, Makambako na Mafinga bila kusimama hata kunywa maji, akafika Nduli alasiri. Kwaya yote ilikuwa bado imekaa kwenye nyasi nje ya uwanja, na wale wa sauti ya kwanza walikuwa wamelala kwenye mabegi yao. Walipomwona walipiga vigelegele. Walidhani ndege imefika.

Aliwaeleza. Alieleza mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kihehe. Bwana Liberatus alisikiliza akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Sosthenes, sisi hatutaki hadithi. Ndege yako iko wapi?"

"Si yangu, Mwenyekiti. Wamezifunga. Na mimi nimeachwa kama ninyi."

"Umeachwa na nani, na mwenyewe ni wewe?"

"Mimi ni dereva tu."

"Dereva wa basi likiharibika hutafuta lingine, au hurudisha nauli. Wewe unatuletea mabega yanayong'aa."

Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Maharage yangu yalikuwa matamu, eeh?" Wengine wakacheka, na kicheko hicho kilimkaa Sosthenes masikioni kuliko matusi yote yaliyofuata. Angebaki Mbeya kama walivyofanya wakurugenzi, ambao hakuna mtu wa Igowole anayejua sura zao hata leo, angekuwa hana hatia. Alikwenda kuwatazama usoni, na kwa kuwa sura yake ndiyo pekee waliyoiona, wakaamua kwamba ndiyo iliyowaibia.

Kilichoipata Kipengere Air kilijulikana baadaye. Shirika lilikuwa limezama kwa muda mrefu huku mabango yakiendelea kung'aa. Ndege mbili za kukodi zilichukuliwa na wenyewe kabla mwezi haujaisha, zikarushwa na marubani wageni ambao hawakuuliza hata jina la aliyezitunza. Ile kuukuu ilibaki nyasini, ikanyofolewa kidogo kidogo: kwanza mapanga, kisha vyombo vya chumba cha marubani, kisha viti. Viti vyake vingine viko katika kibanda kimoja cha kinyozi Mafinga, mikanda na yote. Sosthenes aliingia humo siku moja kunyolewa, akakaa, mkono wenyewe ukatafuta mkanda na kuufunga. Kinyozi akamwambia, "Mzee, hapa haturuki." Alinyolewa, akashukuru, akatoka.

Watu wengi wamewahi kuuliza kwa nini rubani hodari hakupata kazi kwingine. Familia itajibu hapa, kwa kuwa ni swali lililoulizwa zaidi nyuma ya mgongo wake. Ndege si kama lori. Aliyezoea Fuso hupanda Scania kesho yake. Rubani hufanya mtihani wa kila aina ya ndege, na hupimwa tena kila baada ya miezi sita katika mashine ya kuigiza urushaji iliyoko nchi za nje, kwa gharama ya shirika. Shirika likifa, kipimo kinakosekana, na mtihani wake unaisha nguvu kama dawa iliyopita tarehe. Cheo nacho hakihami. Kapteni wa miaka mingi akiingia shirika jipya hupanga foleni nyuma ya kijana wa juzi. Baadhi ya wenzake walirudi kwenye ndege ndogo za mbugani. Wawili walikwenda ng'ambo. Mmoja anauza vipuri vya pikipiki Uyole. Halafu likaja gonjwa la mwaka 2020, na hata mashirika yaliyokuwa hai yakafunga milango.

Mlango mmoja ulifunguka mwaka 2021. Shirika alilokuwa ameajiriwa Andendekisye lilikuwa tayari kumfundisha Sosthenes ndege yao na kumwanzisha kama rubani msaidizi. Kapteni wake angekuwa Andendekisye, kijana aliyemfundisha mwenyewe. Tusajigwe alimuuliza kama ataweza.

"Utakaa kiti cha kulia, Baba Damari. Umezoea kushoto."

"Dirisha ni lile lile."

"Na Andendekisye akikuamuru?"

"Nitasema ndiyo kapteni. Nitakuwa hewani, Mama Damari. Nitasema ndiyo hata kwa mhudumu wa chai."

Alipimwa afya akafaulu. Alianza kusoma usiku na mchana, akabandika michoro ya vyombo vya ndege ile mpya ukutani jikoni, akimuuliza Clement maswali wakati wa kula. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kuingia eneo la ndege, na kibali hicho huhitaji jina safi. Ndipo alipoambiwa kwamba jina lake si safi. Kwaya ya kigango chake ilikuwa imemfungulia polisi malalamiko ya kujipatia fedha kwa udanganyifu, na hayakuwa yamefutwa.

Alikuja Igowole wiki hiyo hiyo. Alikwenda kwa Bwana Liberatus, ofisini kwa kwaya, akiwa na mama yake, akaomba mbele ya wanakwaya waliokuwepo. Aliwakumbusha kwamba tangu mwanzo alijitolea kuwapeleka kwa mfilisi aliyesimamia mali za shirika wakaandikishe madai yao, nao wakakataa wakisema anataka saini zao. Aliwaeleza kwamba akirudi kazini ndipo ataweza hata kuwasaidia. Bwana Liberatus alijibu kwa upole, na hilo ndilo linaloumiza:

"Tutafuta, mwanetu. Wewe tutajie tu mwenye ndege ni nani. Ukimtaja, tunafuta leo."

Sosthenes aliwataja wakurugenzi, mmoja mmoja. Aliitaja kampuni ya nje iliyokodisha ndege.

"Hao hatuwajui," alisema Bwana Liberatus. "Tunakujua wewe."

Mama Anjela alipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ile ya kwaya, mwanamke wa miaka sabini na mbili. Sosthenes alimwinua, wakatoka. Nafasi ile ilisubiri miezi mitatu, ikapewa mtu mwingine. Malalamiko yalifutwa mwaka 2023. Hakuna aliyekuja kumwambia. Alijua alipokwenda kuuliza mwenyewe. Kufikia hapo shinikizo la damu lilikuwa limepanda, na daktari wa marubani hakumpitisha tena.

Mwaka 2022 familia ilikuwa imekwisha kuhamia Igowole, kwa kuwa nyumba ya Mbeya ilikuwa ya kupanga. Watu walimshauri aende mbali, mahali asikojulikana. Alisema hawezi kukimbia kitu ambacho hakukifanya. Alipata kazi katika shamba la miti la mtu binafsi upande wa Mgololo, ya kukaa juu ya mnara na kuangalia moto. Mtu aliyewahi kuiona nchi hii yote chini ya mbawa zake akawa anapanda ngazi ya mbao kila alfajiri na redio ya mkononi. Wanaosema alidhalilika hawakuwahi kumsikia akitoa taarifa. Alitaja umbali, upepo, rangi ya moshi na aina ya kinachoungua, kwa sauti ile ile ya kipaza sauti cha ndege, na vikosi vilijua pa kwenda.

Mwezi Oktoba mwaka jana aliuona moshi ukipanda kwenye shamba la miti la kwaya. Alitoa taarifa kabla mwenye shamba yeyote hajanusa, moto ukazimwa ukiwa umekula safu chache za pembeni. Jioni Tusajigwe alimwambia, "Ungeuacha uungue." Naye akajibu, "Ningeuacha, halafu wangesema nimeuwasha mimi." Siku mbili baadaye mtu alileta mfuko wa maharage akauweka chini ya ngazi ya mnara. Sosthenes alikuwa juu, akamwona anakuja, akamwona anageuka. Hakupaza sauti wala hakuitwa. Familia inafahamu aliyeuleta ni nani, naye anafahamu.

Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025 alilalamika kichwa kinamuuma akiwa mnarani. Alimaliza zamu, akashuka mwenyewe, akaanguka akiwa anafungua baiskeli. Alipelekwa hospitali mjini Iringa, ambako ilionekana amepata kiharusi cha upande wa kulia. Kwa siku tatu alisema maneno machache. Alimuuliza Clement nani yuko mnarani, na alipoambiwa, akasema, "Mwambie atazame kusini, wanaandaa mashamba kwa kuchoma." Alifariki dunia Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Siku ya Jumatano ujumbe wa kwaya ulifika hapa msibani ukiongozwa na Bwana Liberatus. Waliomba mambo mawili: kuimba, na kupewa nafasi kwenye salamu za rambirambi ili waweke mambo sawa mbele ya watu. Wazee wa ukoo waliona ni jambo jema, maana msiba hausuluhishi watu wakinyimana neno. Lakini mjane aliombwa aseme, naye alisema akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka:

"Kuimba mtaimba. Alipenda nyimbo zenu, alikuwa anazipiga mluzi hata juu ya ule mnara. Kusema, hapana. Alikuwa na masikio miaka sita, na miaka mitatu yalikuwa hapa hapa kijijini."

Wazee walijaribu tena jioni. Jibu halikubadilika, na ukoo umeliheshimu. Ndiyo maana mkitazama ratiba mliyoishika, baada ya wasifu huu hakuna kipengele cha salamu. Si kosa la mchapaji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa mnarani, Kapteni Andendekisye na marubani waliosafiri kuja, na majirani waliokesha nasi wakichota maji na kupasua kuni katika baridi hii ya Agosti bila kuulizwa. Wema huo umepokelewa.

Marehemu ameacha mama yake Anjela, mjane wake Tusajigwe, watoto wawili, Damari, aliye mwaka wa pili chuoni, na Clement, wa kidato cha nne, na dada, Yusta, ambaye alipanda ndege ya kaka yake mara tisa na hakudaiwa nauli hata moja. Ameacha pia ekari mbili za ndizi Mbeya. Hakuacha ndege. Hakuwahi kuwa nayo.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza iko wapi.